Baada ya Maji Kupungua, Tuanze na Daftari

Leo tutazungumza juu ya mafuriko, ila sitakaa sana kwenye siku yenyewe ya maji. Siku ile kila mtu anajua la kufanya: kubeba mtoto, kumshika mkono bibi, kukimbilia mlimani. Nataka tuanzie siku ya tatu. Maji yamepungua, tope limebaki mpaka kwenye vizingiti, viongozi wameshafika kutoa pole, na familia imekaa kwenye kivuli cha darasa la shule ikijiuliza: sasa tunaanzia wapi? Msaada tutaupata kwa nani? Jibu langu nalisema mapema, kisha nitalitetea hadi mwisho. Tunaanza na orodha. Tunaanza na daftari la kitongoji, lililoandikwa na majirani wenyewe na kusomwa hadharani mbele ya watu wote. Kijiji chenye daftari hilo kinainuka mapema kuliko kijiji kinachongoja lori.

Kwanza niondoe mshangao mmoja. Wapo wanaosema Dodoma ni nchi ya ukame, habari za mafuriko tuwaachie watu wa Rufiji na Kilombero. Ni kweli kwamba wazee wa Ugogo walihesabu miaka kwa majina ya njaa, na ile njaa ya Mtunya ya nyakati za Vita vya Kwanza vya Dunia inatajwa mpaka leo. Njaa tunaijua tabia yake. Huja polepole, ikampa mtu nafasi ya kuuza mbuzi wawili, kupunguza mlo, kwenda kuhemea kwa ndugu wa mbali. Mafuriko hayatoi nafasi hiyo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na si nyingi kwa jumla ya mwaka. Lakini sehemu kubwa ya mvua hiyo yaweza kushuka kwa siku chache tu, juu ya ardhi ngumu iliyokaa zaidi ya nusu mwaka bila tone na yenye majani machache. Maji hayazami, yanateremka. Mto wa mchanga ambao mwezi wa kumi akina mama walichimba kisima cha kina cha mkono wapate ndoo moja, mwezi wa kwanza unakuja na magogo na mizoga ya mbuzi.

Utazameni mto Kinyasungwe. Unakusanya maji ya upande huu wa Dodoma, unapita Gulwe na Godegode kule Mpwapwa, kisha maji yake yanashuka na Mkondoa hadi Kilosa. Mwishoni mwa 2009 kuingia 2010, bonde hilo lilifurika, makazi yakazama Mpwapwa na Kilosa, maelfu ya watu wakalala kwenye mahema, na reli ya kati ikakatika kwa miezi. Januari 2014 barabara ya Morogoro kuja Dodoma ilikatika pale Magole, karibu na Dumila. Desemba 3, 2023, mlima Hanang ulimwaga tope na mawe juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, tukapoteza watu 89. Na Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge, hapa hapa Dodoma, kwamba mvua za msimu ule zimeua watu 155 nchini. Sitawajazia tarakimu zaidi. Nataka tukubaliane jambo moja tu: mafuriko ni yetu pia, na yatarudi.

Sasa turudi kwenye daftari. Kwa nini nalipa uzito wote huu? Kwa sababu msaada una njia yake ya kupita. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia kijiji na mtaa, ikapanda kata, wilaya, mkoa hadi taifa, na juu kabisa ipo Idara ya Usimamizi wa Maafa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Chakula cha akiba kiko mikononi mwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Mahema, mablanketi na ndoo mara nyingi huja na Chama cha Msalaba Mwekundu. Makanisa na misikiti hukusanya nguo na unga. Kampuni na watu binafsi hutoa fedha. Wote hao, kila mmoja kwa mlango wake, wakifika kijijini huuliza swali lile lile: orodha iko wapi? Kama orodha haipo, mambo mawili hutokea. Ama msaada unangoja siku nyingi mpaka watu wa wilayani waje kuhesabu, ama inaandikwa orodha ya haraka jioni moja, na anayeandikwa ni yule aliyekuwa karibu na meza. Aliyekuwa bado anatafuta ng'ombe wake korongoni anakosa. Aliyempeleka mtoto zahanati anakosa. Narudia hapa, kwa sababu ndipo kiini cha mazungumzo yetu kilipo: msaada unafuata karatasi, na karatasi inamfuata aliyekuwepo pale inapoandikwa.

Daftari lenyewe ni jambo dogo. Kaunta buku moja inatosha kitongoji kizima. Lakini yatazameni yanayoandikwa ndani. Tuandike kaya, wala si nyumba, maana nyumba moja yaweza kuwa na mwenye nyumba, wapangaji watatu na mjane anayeishi chumba cha uani. Ukiandika nyumba, mwenye nyumba atapata mabati, na mpangaji aliyepoteza godoro, cherehani na mtaji wa maandazi hatapata kitu. Katika mitaa ya Dodoma mjini hilo ni jambo kubwa sana, kwa sababu wapangaji ni wengi mno. Kisha tuandike waliomo: wangapi, umri gani, nani ananyonyesha, nani hawezi kutembea, nani anatumia dawa za kila siku na dawa zake zimekwenda na maji. Tuandike wanalala wapi usiku huu, na kwa nani. Tuandike kilichopotea kwa majina yake: magunia ya mtama, mbegu, majembe, kuku, ng'ombe wa kulimia, vyeti. Halafu tuandike jambo ambalo orodha nyingi hulisahau: kaya hii inaweza nini? Nani fundi mwashi? Nani ana mkokoteni na punda? Nani ana shamba la juu ambalo halikuguswa na yuko tayari kumwazima mwenzake ekari moja kwa msimu huu? Daftari la namna hiyo linawahesabu walioharibikiwa pamoja na nguvu ya kijiji iliyobaki, na nguvu hiyo ndiyo inayofanya kazi kabla ya lori lolote kufika.

Nisimame kidogo kwenye chakula na mbegu, kwa sababu kwenye nyanda zetu hizi siku huhesabiwa kwa namna ya pekee. Mtama au mahindi yaliyolowa ndani ya gunia huanza kuota ukungu baada ya muda mfupi. Kwa macho yanaweza kuonekana mazuri, na mtu mwenye njaa atayaanika juujuu kisha asage. Tukumbuke mwaka 2016, watu wa Chemba, Kondoa na Kiteto walipougua na wengine kufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye nafaka. Kwa hiyo kaya iliyoandikwa siku ya kwanza kwamba ina magunia manne yaliyolowa inaweza kusaidiwa turubai la kuanikia na ushauri wa afisa kilimo wakati bado kuna cha kuokoa. Ikiandikwa wiki ya tatu, kitakachookolewa ni magunia matupu. Na mbegu je? Mafuriko yakifagia shamba katikati ya Januari, mvua zimebakiza miezi mitatu hivi. Mkulima akipata mbegu ya muda mfupi, mtama wa Macia kwa mfano, na akaipata ndani ya wiki mbili, bado ana msimu. Akiipata Machi, msimu umekwisha, na njaa atakayoiona Agosti itaitwa ukame wakati chanzo chake kilikuwa kuchelewa. Wenye mashamba ya mbugani wana nafasi nyingine, kwa kuwa ardhi nyeusi hushika unyevu, na dengu au viazi vitamu vinaweza kupandwa maji yakishakauka. Haya yote yanahitaji mtu fulani ajue, mapema, nani amepoteza nini na shamba lake liko wapi. Blanketi linaweza kugawiwa bila kujua hayo, mbegu haiwezi.

Labda utaniuliza: kuna ushahidi gani kwamba majirani wana uzito kiasi hicho? Yuko mtafiti wa Marekani, Daniel Aldrich, aliyechunguza kwa miaka mingi namna watu wanavyoinuka baada ya maafa. Huko Kobe, Japani, baada ya tetemeko la 1995, alitazama mitaa iliyokuwa jirani. Wakazi wa mtaa wa Mano, waliokuwa na mazoea ya miaka mingi ya kukutana na kufanya mambo pamoja, walipanga mstari wakapokezana ndoo za maji wakauzima moto uliozuka baada ya tetemeko. Kwa jirani zao wasio na mazoea hayo, watu walisimama wakatazama nyumba zikiungua. Hoja yake ni kwamba mahusiano kati ya watu, na kati ya watu na viongozi wao, yanaeleza kasi ya kuinuka vizuri kuliko kiasi cha fedha kilichomwagwa au ukubwa wa uharibifu. Mimi naona hoja hiyo inatufaa sana, na kwetu si ngeni. Vijiji vyetu vina vikundi vya kuweka na kukopa, vina vikundi vya kwaya, vina vyama vya kuzikana. Msiba ukitokea saa tisa usiku, saa mbili asubuhi tayari kuna daftari la michango, kuna anayeandika, kuna anayesoma majina, na hakuna anayelalamika kwamba hesabu haijulikani. Tunachohitaji ni kuchukua ustadi huo wa msibani tuupeleke kwenye mafuriko.

Lakini mtafiti huyo huyo ametuachia onyo, na sitaki kulificha kwa sababu linagusa hoja yangu moja kwa moja. Baada ya tsunami ya 2004, katika jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, mabaraza ya vijiji vya wavuvi ndiyo yaliyoandika orodha za waathirika. Vijiji vyenye mabaraza imara vilipata msaada haraka na kwa wingi. Hapo hapo, ndani ya vijiji hivyo hivyo, wapo walioachwa nje: wajane, Waislamu, watu wa tabaka la Dalit. Baraza halikuwaona kuwa wenzao, basi hawakuandikwa, na kwa kuwa hawakuandikwa hawakupewa. Kwa hiyo anayeniambia kwamba daftari la majirani linaweza kuwa silaha ya kuwabagua watu anasema kweli. Na kwetu nani angeachwa? Tujibu bila kuoneana haya: mfugaji Mang'ati au Mmasai aliyehamia juzi, mpangaji, mwanamke asiye na mume, kijana aliyekuja kwenye kazi za ujenzi, mtu ambaye hakukipigia kura chama cha mwenyekiti. Ndiyo maana nilisema tangu mwanzo, na narudia: daftari liandikwe na majirani, kisha lisomwe hadharani. Nusu hiyo ya pili ina uzito sawa na ya kwanza. Lisomwe jina kwa jina kwenye mkutano, mchana, mahali ambapo hata mgeni anaweza kusimama, na kila mtu aulizwe: nani hayumo? Nani yumo asiyestahili? Ugonjwa wa mtu usisomwe, hiyo ni siri yake na mhudumu wa afya. Majina na hasara yasomwe. Kisha nakala ibandikwe kwenye mbao za matangazo, ofisi ya kijiji na shuleni. Mwenyekiti mwenye upendeleo anaweza kufanya mengi kwenye karatasi iliyofungiwa mezani. Mbele ya watu mia mbili wanaojuana mlango kwa mlango, nafasi hiyo inapungua sana.

Wapo watakaosema: huku ni kuwatwisha wananchi kazi ya serikali. Mtu ametoka kupoteza kila kitu, unampa kalamu? Kodi tunalipa ya nini? Hoja hii naiheshimu. Kujenga tuta, kuweka mitaro, kurudisha daraja, kupima viwanja salama, hayo hayawezi kufanywa na kitongoji, na kijiji kikiambiwa kijitegemee katika hayo kitakuwa kimetelekezwa. Hanang ilionyesha serikali inaweza kufanya nini ikiamua. Jeshi liliingia, majeruhi walitibiwa, waliopoteza makazi walihifadhiwa, na baadaye Serikali na Msalaba Mwekundu walijenga nyumba mpya kwa walioharibikiwa, zaidi ya mia moja. Lakini tazameni muda. Tope lilishuka Desemba 2023, na nyumba zilikabidhiwa takriban mwaka mmoja baadaye. Sisemi hivyo kulaumu, kujenga nyumba za kudumu mahali salama si kazi ya wiki. Nasema hivyo kwa sababu mwaka ni muda mrefu. Ndani ya mwaka huo familia inaishi kwa shangazi Babati, baba anahamia machimboni, mtoto anabadilisha shule mara mbili, simu inapotea. Siku funguo zinapogawiwa, nani anajua yule mama yuko wapi? Nani atathibitisha kwamba kweli alikuwa jirani? Daftari la kitongoji ndilo linaloidai serikali wajibu wake. Mwananchi asiye na jina popote anaomba, mwenye jina lililosomwa na kupigwa muhuri wa mtendaji anadai.

Hoja nyingine ni kali zaidi, nayo husemwa sana maofisini na hata kwenye daladala: hawa walijenga mabondeni, wamejitakia. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, basi aliyevunja sheria kwa nini asaidiwe? Tufikiri kwa utulivu. Jiji la Dodoma kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 liliongezeka watu karibu mara mbili. Makao makuu yamehamia, wafanyakazi wamekuja, na pamoja nao wamekuja mama lishe, bodaboda, mafundi na walinzi. Viwanja vilivyopimwa mahali pazuri vina bei yake. Mwenye kipato kidogo ananunua pale bei inapomruhusu, mara nyingi kwenye mbuga au pembeni ya korongo, wakati wa kiangazi, ambapo hakuna dalili yoyote ya maji. Wengine walikaa hapo kabla mji haujawafikia, na mafuriko yao ya leo yanatokana na barabara na paa za waliojenga juu yao. Kosa la ramani lipo, na kuhama kutahitajika kwa wengine, hilo silipingi. Ila chakula cha wiki hii, maji safi, choo na dawa si zawadi ya tabia njema. Kipindupindu kikianza kwenye visima vya bondeni hakitaishia bondeni. Na tukitaka watu wahame kwa hiari, lazima tujue ni nani, wangapi, wanafanya kazi wapi na watoto wanasoma wapi, kusudi tusiwapeleke mahali ambapo baada ya miezi sita watapaacha warudi kwenye korongo lile lile. Hapo pia tunarudi kwenye daftari.

Na daftari lisifungwe mwezi wa kwanza baada ya mafuriko ukiisha. Wakati huo ndipo kazi ndefu inapoanza. Vyeti vilivyolowa vina njia ya kupatikana tena: kumbukumbu za vizazi ziko RITA, za mitihani ziko Baraza la Mitihani, za vitambulisho ziko NIDA, na safari huanza na taarifa ya upotevu polisi pamoja na barua ya mtendaji. Mtendaji ataiandika kwa haraka kama jina lako limo kwenye daftari lake. Kikundi kilichopoteza mtaji kinaweza kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kaya zilizo kwenye mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, zina ajira za muda, na kijiji ndicho kinachoibua mradi: kwa nini mwaka huo usiwe wa kuchimba mitaro, kujenga makinga maji na kupanda miti kwenye vichwa vya makorongo? Kondoa wanajua habari hii. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye milima ya Irangi iliyokuwa imechimbika hadi mwamba. Uoto ulirudi. Lakini walioondolewa mifugo waliumia, kwa sababu amri ilitoka juu na hesabu ya nani anapoteza nini haikuanzia kwao. Ardhi inaponyeka, wasikilizaji, ila mara hii tuiponye tukiwa na majina ya watu mkononi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu wetu kabla mvua za Novemba hazijaanza. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Naomba katika mkutano ujao iwekwe ajenda moja: nani ataandika daftari letu siku ya maji? Achaguliwe mtu anayeaminika na pande zote, mwalimu, mhudumu wa afya wa kitongoji, katibu wa kikundi cha kuzikana, na awepo msaidizi wake, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja. Kaya ziandikwe sasa, wakati nyumba zote bado zimesimama, wapangaji na wahamiaji wakiwemo. Nakala moja ikae kwa mtendaji, nyingine ikae shuleni au kwenye jengo lolote lililo juu ya mkondo wa maji, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Wenye maswali leteni, hasa ninyi mlioko Bahi, ambako maji ya mto Bubu ndiyo hayo hayo yanayolisha mpunga wenu, na habari ya kuhama ina hesabu nyingine kabisa. Hiyo tutaizungumza wiki ijayo, wakati kama huu.